Nani Aliuza Lango la Mawe Mekundu

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, wakati nchi ilikuwa na mawaziri wengi kuliko madaktari, palikuwa na mpaka mrefu wenye lango moja. Lango hilo liliitwa Mawe Mekundu. Lilikuwa la mbao nene na mabati, na lilifungwa kwa makomeo manne ya chuma. Ng'ambo yake walikaa majangili wenye bunduki, watu waliokuwa wakiutazama mji wa Mibono kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Huku ndani ulikuwa huo mji wa Mibono, na soko lake, na bwawa lake, na ng'ombe wake. Katikati, walinzi tisa na mpishi mmoja. Taifa zima, na bendera yake, na wimbo wake wa beti tatu, lilikuwa likiwategemea hao tisa na sufuria ya huyo mmoja.

Mmoja wa hao tisa alikuwa Koplo Mwadime. Lakini stori hii si ya Mwadime. Ni ya mke wake, Mkawasi, fundi cherehani mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Mibono, mwanamke ambaye kwa miaka miwili na miezi minne hakumwona mume wake hata kivuli.

Sasa mtaniuliza, kwani likizo hakuna? Likizo iko. Imeandikwa kwenye kitabu cha sheria za jeshi, ukurasa mzuri kabisa. Lakini ruhusa za kambi zilikwenda kwa wenye mjomba makao makuu, na Mwadime hakuwa na mjomba. Alikuwa na mke tu.

Basi Mkawasi akaishi kwa salamu. Madereva wa malori ndio waliozibeba.

"Shemeji," dereva husema akiegemea mlango wa kibanda, "koplo anasema hajambo. Kaniambia nikutazame vizuri nikamweleze umenenepa kiasi gani."

"Mwambie sijanenepa. Mwambie nimebaki macho tu."

"Hiyo siwezi kumwambia mtu mwenye bunduki, shemeji."

Hucheka wote wawili. Dereva huondoka na kifurushi cha shati jipya, na Mkawasi hurudi kwenye cherehani na kukaa kitambo bila kukanyaga. Akija mteja mwenye mabega mapana kama ya Mwadime, anampima mara mbili bila haja. Suruali ya mume wake ya kutokea aliipiga pasi kila Jumapili, ingawa hakuna aliyeivaa, hakuna aliyeikunja. Kitandani alilala upande wake ule ule wa ukutani. Upande wa pili aliuacha, kama mtu anavyomshikia mwenzake nafasi kwenye benchi la kliniki, akiwaambia wote, hapa pana mtu.

Na kila shati alilompelekea, kwenye mdomo wa mfuko wa kifuani, alifungia uzi kwa njia yake mwenyewe: mishono mitatu midogo inayokutana, kama alama ya mguu wa kuku kwenye vumbi. Mama yake alifunga hivyo. Na yeye alifunga hivyo. Mwadime, dereva mmoja alisema, akilinda lango huwa anaipapasa ile alama kwa kidole gumba mpaka uzi unang'aa.

Hebu tuyaache mapenzi kidogo, twende serikalini.

Waziri wa Usalama alikuwa Mheshimiwa Kisaghu. Nchi ilitenga fungu la kununua mnara wa mawasiliano wa Mawe Mekundu, ili walinzi wakivamiwa waite msaada, na wasipovamiwa waongee na wake zao. Waziri alikuja na helikopta. Hakufika Mawe Mekundu, kule kuna vumbi na suti yake ilikuwa rangi ya maziwa. Alikata utepe Mibono, akapigwa picha, akasema, "Today, my people, tumeufunga mpaka wetu kwa teknolojia!" Tulipiga makofi. Kilichopelekwa Mawe Mekundu ni mlingoti uliopakwa rangi ya fedha na taa nyekundu juu inayokonyeza. Taa ilikonyeza vizuri sana, sina la kuilaumu. Mnara wenyewe uliota kwenye hoteli ya waziri kule ziwani, wageni wapate kutazama mpira bila kukatika.

Hilo komeo la kwanza. Likavutwa.

Mkuu wa polisi wa Mibono alikuwa Inspekta Ngure. Huyu alikuwa na utaratibu. Lori lililokwisha "kuongea" naye lilichomeka tawi la mwarobaini kwenye kioo cha pembeni. Mlinzi akiona tawi, hafungui turubai, hapekui, hasemi habari ya mizigo. Anafungua lango, anapiga saluti. Sukari ikapita. Mchele ukapita. Walinzi wakazoea, mpaka mkono wenyewe ukawa unakwenda kwenye komeo kabla kichwa hakijafikiri.

Komeo la pili hilo. Likavutwa.

Mtunza stoo wa kambi alikuwa Bwana Kizaka, mtu wa tabasamu laini na viatu vinavyong'aa. Na alikuwa na haki ya kuwa na viatu, maana vya walinzi wote aliviuza yeye. Walinzi wa taifa wakalinda mpaka kwa makubazi ya matairi, sawasawa na yale wanayovaa majangili wa ng'ambo. Ukitazama miguu tu, huwezi kumtenga askari na adui. Kwa hiyo lilikuwa limebaki jambo moja la kuwatenga. Sare.

Siku moja alasiri, Kizaka akaingia kibandani kwa Mkawasi na robota la kitambaa cha mabaka, kile kile cha jeshi.

"Dada yangu, nina kazi ndogo. Sare ishirini. Saizi zake hizi hapa."

Mkawasi akakishika kitambaa. Akakigeuza. "Sare za jeshi zinashonwa huku sokoni tangu lini, Bwana Kizaka?"

"Kiwanda kimezidiwa. Tunawasaidia."

"Na namba za askari nishone wapi?"

"Namba zitawekwa makao makuu." Kizaka akavuta stuli, akakaa karibu. "Dada, mimi najua wewe ni mtu wa maswali. Sasa na mimi nikuulize moja. Koplo Mwadime ana muda gani hajaja nyumbani?"

Mkawasi akakirudisha kitambaa juu ya robota.

"Karatasi za ruhusa zinapita mezani kwangu. Wiki mbili. Nikisema wiki mbili, ni wiki mbili. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu mumeo anafungua mlango wa nyumbani kwenu. Sitaki kukulipa, maana najua hela si shida yako."

Hapo ningependa kuwaambia kwamba Mkawasi hakujua. Ningependa sana. Lakini Mkawasi alijua. Hakujua sare zinakwenda kwa nani, hilo kweli, ila alijua haziendi mahali pazuri. Mwenye kazi safi haogopi mlango wazi, na yeye siku hiyo aliufunga mlango, akatundika kanga dirishani, akashona siku sita akiwaambia wateja ana homa. Na homa alikuwa nayo, ya aina yake. Kila sare iliyoisha aliikunja akisema kimoyomoyo, siku zinapungua. Alishona kola akimwona mume wake anaoga uani. Alishona mikono akimsikia anakohoa. Na mikono yake, kwa kuwa akili haikuwapo, ikajiendea yenyewe, ikafunga kila mfuko kama ilivyozoea.

Komeo la tatu na la nne. Yote mawili yakavutwa.

Kizaka kwa upande wake alitimiza ahadi, mwizi wa heshima. Ruhusa ikafika Mawe Mekundu, ina muhuri. Jumatano dereva akapita kibandani akipiga honi: "Shemeji! Koplo ameisoma barua mara kumi! Amenyoa ndevu mapema, anasema zisije zikakuchoma!" Mkawasi akanunua mafuta ya nazi na mchele wa Pishori. Akapaka ukuta wa mbele wa nyumba chokaa. Akaipiga pasi ile suruali, na safari hii aliipiga pasi akiimba.

Alhamisi, saa nane mchana, Mwadime akiwa zamu yake ya mwisho langoni, likaja lori.

Yaliyotokea tuliyapata kwa mpishi, Mzee Nyange, ambaye majangili walimwachia arudi na ujumbe. Alifika Mibono Jumapili kwa miguu, midomo imepasuka. Tayari mji ulikuwa si mji. Majangili walipita Mawe Mekundu kama watu wanaoingia kwao, wakaswaga ng'ombe wote wa malisho ya bwawani, wakachoma bohari ya mafuta, wakabeba dawa zote za zahanati, wakarudi kukaa langoni. Mpaka ulisogea. Ramani ya nchi ilipungua kona moja, na familia za vijiji sita zilikuwa zimelala kwenye madarasa ya shule ya msingi. Redioni walisema hali imedhibitiwa.

Mzee Nyange akawekwa kwenye kiti katikati ya uwanja wa shule, watu wakamzunguka, na Mkawasi akasukumana mpaka mbele.

"Lori lilikuwa na tawi la mwarobaini," alisema mzee. "Kwa hiyo hatukushtuka. Ndani watu wamevaa sare. Makubazi kama yetu. Mwadime akasimama, akawatazama sana. Akasogea mpaka akamgusa mmoja kifuani, hapa, mfukoni. Basi uso wake ukafunguka! Akatugeukia anacheka, akapiga kelele, 'Jamani, hawa wametoka nyumbani! Hawa wameshonewa na mke wangu! Zamu mpya hii, mimi naenda kwetu!' Akafungua makomeo manne kwa mikono yake."

Mkawasi akamshika mzee bega. "Halafu?"

"Sajini ndiye aliyeuliza, 'Zamu gani hii haina hata godoro moja?' Hapo moto ukawaka. Sajini akakimbilia redio, akaita, akaita. Ile taa ikawa inamkonyeza tu. Wanane walikufa kule kule. Mwadime wamemshika hai."

"Na ujumbe?" mtu akauliza.

"Mkubwa wao amepoteza ndugu yake pale langoni. Amekasirika kama mteja. Anasema, 'Mimi nililipa dalali. Dalali akaniambia lango limeuzwa, mtapita kama upepo, hakuna atakayepiga risasi. Dalali amekwisha toroka, na jina la mtu wake silijui. Nileteeni aliyeuza lango. Mmoja tu, mwenyewe. Jumatano, jua likiwa utosini, kwenye mto mkavu. Wenu atembee kuja, koplo atembee kurudi. Msipoleta, koplo msimngojee tena.'"

Sasa tazameni maajabu ya nchi ile: hata majangili walikuwa wakidai haki yao kwa sababu serikali iliwauzia mali mbovu.

Jumatano asubuhi watu wakakusanyika pale pale uwanjani. Lori likawekwa tayari. Waziri alikuwa amekuja kutoa pole na helikopta yake, wenye mji wakakaa chini ya mapangaboi yake, wanawake kwa watoto, hairuki. Inspekta akaletwa na askari wake mwenyewe. Kizaka alikamatwa stendi akiwa amevaa buibui. Wakasimamishwa mbele ya lori. Mama Saru, muuza uji, mwanamke mwenye sauti ya kipaza, akashika kikao bila kuchaguliwa na mtu.

"Haya, waheshimiwa. Lango limeuzwa. Nani aliuza? Aseme mwenyewe tusipoteze mafuta ya dereva."

Waziri akakohoa. "Ndugu wananchi, with due respect, mimi Mawe Mekundu sijawahi kukanyaga."

"Ndiyo tatizo lenyewe!" mtu akafoka, watu wakacheka.

"Nisikilizeni! Mnara haukuwepo, nakubali, kulikuwa na changamoto. Lakini mnara haufungui lango. Redio ilipoitwa adui alikuwa amekwisha ingia. Mimi kosa langu ni la kunyamaza, na aliyenyamaza hakuuza. Halafu fikirini. Kichwani mwangu mna siri zote za nchi. Mkinipeleka mimi, mnawapelekea majangili taifa zima. It is a matter of national security!"

"Siri zipi?" akasema Mama Saru. "Ya nywila ya intaneti ya hoteli?"

Inspekta Ngure hakungoja kuitwa. "Mimi sitasema uongo. Tawi ni langu. Lakini mnajua tawi lililisha nani? Mishahara ya walinzi ilikaa miezi mitano haiji. Unga waliokula ulitoka kwenye yale malori. Bila tawi, wangekufa njaa kabla ya risasi. Na ninyi?" Akawageuzia kidole. "Sukari ya bei poa mlidhani inatoka mbinguni? Mama Saru, uji wako ulikuwa na sukari ya nani?"

Mama Saru akafungua mdomo, akaufunga. Hilo nililiona mara moja tu maishani.

Kizaka akafuata, sauti ya asali. "Mimi niliuza kitambaa. Dalali aliniambia ni walinzi binafsi wa mgodi wanataka kufanana na jeshi. Kitambaa ni kitambaa, ndugu zangu. Kingekaa vile vile kwenye robota, kingepita lango gani? Mimi sindano sijui hata inashikwa wapi. Aliyeigeuza nguo ikawa sare anaonekana kutoka hapa nilipo."

Watu wakageuka. Lakini Mkawasi alikuwa amekwisha simama.

"Hakuna haja ya kunionyesha," alisema. "Nimeshona mimi. Zote ishirini."

Mnung'uniko ukapita uwanjani.

"Huyu waziri angekula mnara tu, Mwadime asingefungua. Afande angeweka tawi, Mwadime angechungulia tu kama kawaida, labda angeuliza. Kizaka angeleta kitambaa, fundi mwingine angeshona, na mume wangu angeona sare ya mtu asiyemjua. Alifungua kwa sababu aliona mkono wangu. Aliujua kabla ya kuwajua wao. Miaka miwili analinda lango lile na hakuna aliyeweza kumdanganya, mimi nikamdanganya bila kumwambia neno. Nipakieni mimi."

"Kaa chini wewe!" akalia Mama Saru, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Hawa walikula kwa tamaa. Wewe ulimtaka mume wako, na ruhusa ilikuwa haki yake. Kumtaka mume ni uhaini?"

Hapo akasimama mjane wa sajini, mwenye mimba ya miezi saba, akasema polepole bila hasira, na kila mtu akamsikia.

"Mimi pia nilimtaka wangu. Miaka miwili ile ile. Alikuja Kizaka kwangu kwanza, mimi nashona pia, na nilimfukuza. Na mimi ndiye ambaye wangu harudi."

 Ninyi mngemjibu nini?

"Basi ndiyo, aende!" wengine wakapiga kelele.

"Akienda, koplo anarudi kwa nani?" Kizaka akadakia haraka. "Mnamtoa mtu kwenye pingu mnamrudisha kwenye nyumba tupu? Hiyo ni adhabu ya nani?"

Na hapa, wasikilizaji wangu, niwaambie kitu ambacho Mkawasi hakuuambia uwanja. Alikuwa amekwisha kwenda kuutazama ule mto mkavu. Alfajiri ya Jumanne alikwenda peke yake, akasimama kwenye ukingo, akakadiria. Upana wake ni mdogo. Wawili wakitembea kutoka kila upande watapishana katikati, kwenye mchanga, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Atamwona. Ataona kama amekonda, kama zile ndevu zimeota tena. Labda hawatakatazwa kusimama, labda watakatazwa. Atamwona kwa muda wa hatua nne, tano akichelewesha mguu. Na kwa hatua hizo tano alikuwa tayari kutoa miaka yote iliyobaki. Kwa hiyo aliposema nipakieni mimi, hata yeye hakujua kama anaomba hukumu au anaomba zawadi.

Lakini akipanda waziri, au inspekta, au Kizaka, jioni hiyo hiyo Mwadime atalala upande ule wa kitanda. Na siku moja atamuuliza, mke wangu, wale watu walipata wapi mkono wako?

Dereva akapiga honi. Jua lilikuwa limeanza kupanda juu ya paa la shule. Waziri alikuwa akitazama helikopta yake. Inspekta alikuwa akitazama askari wake, nao walikuwa wakitazama miguu yao. Kizaka alikuwa akitabasamu na jasho linamtiririka. Mkawasi peke yake alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, na mjane wa sajini alikuwa amemshika gauni, wala hakuna aliyejua kama anamsukuma au anamvuta.

Haya, ninyi mnaojua kuchagua viongozi, chagueni na hapa. Aliyeufanya mpaka bubu? Aliyeufundisha kutouliza? Aliyeuza nguo yake? Au aliyeishona nguo hiyo akimkumbuka mtu? Nafasi ni moja, na injini inanguruma.

Je, nani alistahili kupanda?